Vita vya Nafasi Tupu

Anayedhani waandishi wa programu hugombania hesabu ngumu hajaketi nasi. Sisi hugombania nafasi tupu. Mstari wa msimbo ukisogezwa ndani, usogezwe kwa kitufe cha Tab au kwa kubonyeza upau wa nafasi mara nne? Kwa hilo tu, watu wazima wenye familia na mikopo ya Sacco wamenuniana.

Kikundi chetu ni cha watu wa Homa Bay na Migori, na tunachangia OpenMRS, programu huria ya rekodi za wagonjwa iliyoanza mwaka 2004 ikiwa na mizizi Eldoret. Juu yake ndipo ilipojengwa KenyaEMR, inayotumika katika kliniki nyingi za huku kwetu. OpenMRS ina kanuni zake: chukua kwanza tiketi ya kosa unalotaka kurekebisha, nambari ya tiketi itangulie kichwa cha ombi lako la mabadiliko, na msimbo wake mkuu wa Java husogezwa kwa Tab. Jamaa yetu wa Migori alizisoma kama tunavyosoma masharti ya mkopo wa simu: alishuka hadi chini akabonyeza “nakubali”.

Alikuwa amegundua kosa dogo la tarehe, dawa yake mstari mmoja. Stima iliporudi usiku akaurekebisha, akautuma. Kulipokucha, ukurasa wa ombi lake ulionyesha kuwa faili zima, juu hadi chini, limebadilishwa. Kihariri chake kiligeuza kila Tab kuwa nafasi nne bila kumuuliza mtu. Mhakiki, mtu mpole aliye bara jingine, akauliza tu: “Samahani, ulichorekebisha ni kipi?”

Jamaa akanipigia simu akiwa kwenye matatu, Rongo. “Omera, hawa watu hawaoni kazi niliyofanya?”

Wanaiona, ndugu yangu. Mstari kwa mstari.

Akarudisha Tab, lakini ujumbe wa mabadiliko ndio uliotuvunja mbavu. Wa kwanza: “nimerekebisha”. Uliofuata: “nimerekebisha tena”. Kisha “sasa kweli”, “sasa kweli kabisa”, na wa mwisho, wa saa tisa usiku: “Mungu anaona”. Hakuna uliotaja tiketi.

Mimi ni mtu wa nafasi nne, maana nimelelewa na Python, na mwongozo wake wa mtindo, PEP 8 wa mwaka 2001, ndivyo unavyotaka. Linus Torvalds na Linux yake wanataka Tab yenye upana wa herufi nane. Hakuna atakayemshawishi mwenzake. Wenye lugha ya Go walikata mzizi wa fitina kwa gofmt, programu inayopanga msimbo wa kila mtu kwa namna moja. Hakuna anayekuuliza unapenda nini.

Hiyo ndiyo akili. Muda wa mhakiki ni wa kusaka kosa litakalompa mgonjwa wa Mbita tarehe ya kliniki isiyo yake, si wa kukagua nafasi tupu. Basi wewe wa Kendu Bay au Awendo unayetaka kuchangia, kabla hujagusa chochote, pakua faili la mpangilio la mradi ulitie kwenye kihariri chako, na uandike nambari ya tiketi. Ni dakika chache tu. Hata stima ikikatika, utakuwa umemaliza.