Jinsi ya Kuandika Hotuba ya Hali ya Kaunti Bila Kusema Kaunti Ina Hali Gani

Hongera kwa kupata kazi. Kuanzia leo wewe ndiye mwandishi wa hotuba za Mheshimiwa Gavana. Kifungu cha 30 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya Kenya ya 2012 kinamtaka bosi wako asimame mbele ya bunge la kaunti kila mwaka aeleze kaunti ina hali gani. Bahati nzuri, sheria haikutaja popote kwamba wasikilizaji lazima waelewe, na nafasi hiyo ndiyo iliyokupa ajira. Fuata mwongozo huu, na hotuba itakwenda saa mbili, itapigiwa makofi ya kutosha, na hakuna atakayetoka ukumbini akijua pesa zilikwenda wapi.

Hatua ya kwanza: anzia mbali

Baada ya itifaki, ambayo usiifupishe kamwe, rudi kwenye historia. Kumbusha watu kwamba zamani tulikuwa na mikoa 8, na wakuu wake waliteuliwa kutoka juu. Taja Katiba ya 2010. Taja uchaguzi wa Machi 2013 uliotuletea magavana 47, na ulipumzishe kidogo jina la ugatuzi mdomoni kwa heshima.

Kisha leta tarakimu. Mwaka wa fedha wa 2013/14 kaunti zote ziligawana shilingi bilioni 190. Mwaka wa 2025/26 mgao huo umefika bilioni 415. Zitaje hizo bilioni mara mbili, polepole. Neno "zote" lipite haraka. Ukiwa na mkono mwepesi, nusu ya ukumbi watadhani zote 415 zilikuja kwenu, na nusu nyingine watakuwa wanatafuta chai.

Hatua ya pili: ishike pesa ikiwa bado changa

Pesa za umma zina safari ndefu. Kwanza hutengwa katika bajeti. Halafu Hazina ya Kitaifa huzituma, zikifika, kwenye Mfuko wa Mapato wa Kaunti. Halafu Mdhibiti wa Bajeti huidhinisha zitolewe. Mwisho kabisa mtu hulipwa kwa kazi aliyoifanya. Wewe simama kwenye kituo cha kwanza tu, usisogee. Kule pesa huwa nyingi, safi, na hazina risiti.

Ukilimudu hili, zahanati moja itakulisha muhula mzima. Mwaka wa kwanza: tumetenga fedha za zahanati. Mwaka wa pili: mchakato wa zabuni umeng'oa nanga. Mwaka wa tatu: mkandarasi yuko kazini. Mwaka wa nne: kazi imefika asilimia 70, na yaliyobaki ni madirisha, maji, dawa na wauguzi. Mwaka wa tano: mkitupa muhula wa pili, tutaikamilisha. Hotuba tano, makofi matano, jengo moja lisilo na mlango.

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwenye maendeleo. Sema kwa sauti kubwa kwamba bajeti yenu imetimiza sharti hilo. Ilivyotekelezwa ifikapo tarehe 30 Juni ni habari nyingine, nayo ina ripoti yake. Usiwachanganye watu.

Hatua ya tatu: uchumi ukikua, gavana ndiye aliyeukuza

Tangu 2019 Shirika la Kitaifa la Takwimu limekuwa likitoa hesabu za pato la kila kaunti. Zinakufaa sana. Pato hilo hujumuisha kila kinachozalishwa ndani ya mipaka: mahindi ya mkulima, benki ya mjini, duka la mitumba, hata kazi za serikali kuu. Kwa hiyo bandari ya Mombasa, ambayo gavana wa Mombasa haiendeshi, bado inamnenepeshea takwimu. Nawe tafuta bandari yako: kiwanda cha chai, chuo kikuu, kambi ya jeshi, chochote ambacho kaunti haikujenga.

Pato likipanda, tumia "uongozi wetu". Likishuka, una vitu vitatu vya kulaumu: mvua, Hazina ya Kitaifa, na serikali iliyotangulia. Kama serikali iliyotangulia ni yenu wenyewe, ongeza mvua.

Hatua ya nne: biashara ni picha

Jedwali la Nne la Katiba limeiachia serikali kuu biashara ya kimataifa, na kaunti ikapewa masoko, leseni, utalii wa ndani na vyama vya ushirika. Jambo hili lisikuvunje moyo, wala lisimzuie Mheshimiwa kupanda ndege. Andaa ujumbe, nenda ng'ambo, tia saini mkataba wa maelewano, piga picha mbele ya bendera. Kwenye hotuba ripoti thamani ya mikataba iliyotiwa saini. Mkataba wa maelewano haumlazimishi mtu yeyote kufanya chochote, na ndiyo sababu ni rahisi sana kuupata.

Jihadhari na watu kama wa Makueni. Chini ya gavana wao wa kwanza, Kivutha Kibwana, walijenga kiwanda cha maembe pale Kalamba, na maembe yakaanza kuingia humo. Huo ni mfano mbaya kwa taaluma yetu. Kiwanda kikishasimama, watu huanza kuuliza kimenunua maembe kiasi gani, kwa bei gani, na wakulima wamelipwa lini. Jiwe la msingi haliulizwi maswali hayo. Ikiwa kaunti yenu imo katika mpango wa maeneo ya viwanda ulioanza 2023, ambapo serikali kuu na kaunti zilipaswa kuchanga milioni 250 kila upande, baki kwenye jiwe kadiri utakavyoweza.

Vivyo hivyo na masoko. Taja idadi ya masoko ya kisasa yaliyojengwa, usitaje yaliyofunguliwa. Unalijua lile la kando ya barabara kuu: paa jekundu, vibanda vyenye namba, geti limefungwa kwa mnyororo, na ukutani bamba la marumaru lenye jina la Mheshimiwa kwa herufi kubwa na jina la wadi kwa herufi ndogo. Nje ya geti hilo akina mama wametandika magunia chini, nyanya zimepangwa mafungu mafungu, omena imefunikwa kwa kitambaa kwa ajili ya vumbi. Ndani hawaendi kwa sababu stendi ya matatu iko upande wa pili na mteja hafiki huko, wala hakuna aliyewauliza kabla ya kujenga. Lakini kila asubuhi kanjo, yaani askari wa kaunti, anapita na kitabu chake cha risiti, na kila mmoja analipa ushuru wa soko. Sehemu hiyo iandike hivi: "Tumeimarisha ukusanyaji wa mapato."

Hatua ya tano: deni usiliite deni

Hapa pana ufundi, soma taratibu. Bajeti ya kaunti lazima isawazike: matumizi yasizidi mapato. Mawakilishi wadi wanataka barabara, kila mmoja kwake. Mgao wa serikali kuu haupandi kwa kuombewa. Basi kinachopandishwa ni makadirio ya mapato ya ndani: leseni, maegesho, kodi ya ardhi, ushuru wa mazao. Mnaandika kwamba mwaka ujao mtakusanya mara mbili ya mwaka huu, karatasi inasawazika, bunge linapitisha, kila wadi inapata barabara yake ya vifusi.

Mkandarasi anakopa benki, analeta greda, anamaliza kazi. Juni inafika, mapato hayakutimia, na ankara yake inahamia kwenye malimbikizo. Kwa kaunti zote 47 malimbikizo hayo yamepita shilingi bilioni 150. Ndani yake mna wenye maduka ya dawa, wauza saruji, na vijana walioambiwa zabuni zimetengewa vijana. Wengine nyumba zao zimepigwa mnada.

Wahenga walisema ahadi ni deni. Kwa hesabu za kaunti hiyo ni habari njema, maana deni ni kitu ambacho hakina haraka ya kulipwa. Kwenye hotuba andika: "Tumeunda kamati ya kuhakiki malimbikizo." Kamati ikimaliza kuhakiki, gavana mpya ataunda nyingine.

Hatua ya sita: jumlisha, jumlisha, jumlisha

Uwekezaji katika jamii ndio moyo wa hotuba. Taja taa za mulika mwizi, basari, visima, madarasa ya chekechea. Taja kwa jumla. Tarakimu kubwa haina uso, lakini bei ya kitu kimoja ina uso na kila mtu anaitambua.

Waulize Bungoma. Mwaka 2015 ilibainika kwamba kaunti hiyo ilinunua wilbaro 10 kwa shilingi 109,000 kila moja. Kama ingeandikwa "vifaa vya idara, milioni moja na ushei", nchi ingelala usingizi wake. Lakini kila Mkenya amewahi kuliona duka la vifaa vya ujenzi, na anajua wilbaro inauzwaje. Huwezi kumwambia mwananchi uongo kuhusu kitu ambacho amewahi kukisukuma.

Kuhusu visima, hesabu vilivyochimbwa, usihesabu vinavyotoa maji. Kuhusu taa, hesabu milingoti. Bili ya stima haiko kwenye hotuba.

Hatua ya saba: wajue adui zako

Upinzani bungeni si adui, maana utatulia ukipata barabara. Mwanahabari naye si adui, kwa sababu ana dakika mbili za taarifa na moja ni ya ngoma za ukaribisho. Adui ni mwananchi mmoja, kwa kawaida mwalimu mstaafu au mama wa chama, aliyehifadhi hotuba ya mwaka jana.

Akiwa na hotuba hiyo tu, utamshinda. Hatari ni akijua mengine. Ajue kwamba Mpango wa Maendeleo wa Mwaka hutakiwa kufika bungeni kufikia Septemba 1, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Ajue kwamba Mdhibiti wa Bajeti hutoa ripoti inayoonyesha kaunti yake ilitengewa nini, ilipokea nini na ilitumia nini, na kwamba Mkaguzi Mkuu wa Hesabu huja nyuma kutazama kama kilichonunuliwa kipo. Ajue kwamba Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa haki ya kuomba taarifa hizo bila kujieleza sana. Mtu wa namna hiyo ukimpa kiti cha mbele kwenye kikao cha ushirikishaji wa umma, mwongozo huu wote ni kazi bure.

Kwa hiyo, msomaji, kama si wewe uliyeajiriwa kuandika hotuba na karatasi hii imekufikia kwa bahati mbaya, nakuomba hisani moja. Gavana wako atakaposoma hotuba yake mwaka huu, usipige makofi kwanza. Chagua mradi mmoja wa wadi yako alioutaja, uutafute kwenye ripoti ya Mdhibiti wa Bajeti, halafu uende ukautazame kwa macho yako. Ukiukuta umekamilika na mkandarasi amelipwa, piga makofi hata peke yako. Usipoukuta, mwulize mwakilishi wadi wako hadharani, na umwulize tena kabla ya kura.