Ukiulizwa Unasoma Kitabu Gani: Mwongozo kwa Mgeni wa Mjini

Mtu mzima akionekana na kitabu mkononi Dar es Salaam huulizwa moja ya maswali mawili. La kwanza ni la konda, la jirani na la shemeji: mtihani lini? Hilo halina madhara. Taja mwezi wowote, utaombewa dua, yataisha. La pili ndilo lililoleta mwongozo huu. Huulizwa kwa sauti ya chini kidogo, na mtu aliyekwisha kula akashiba, kwenye karamu au kikaoni kabla mwenyekiti hajafika: siku hizi unasoma kitabu gani?

Mgeni hudhani ameulizwa habari za kitabu. Anajibu ukweli mtupu, kwamba ameshika riwaya moja ya majambazi na usiku wa jana hakulala. Meza inanyamaza. Mtu anajivutia sahani ya matunda. Kuanzia hapo mgeni yule hataombwa tena maoni yake juu ya jambo lolote, hata bei ya nyanya.

Basi lijue hili kabla hujafungua mdomo. Aliyekuuliza hana haja na jibu lako. Anangoja umalize, umrudishie swali. Jibu lake kalipanga toka nyumbani.

Ukilazimika kusema, kimbilia kwa Shaaban Robert. Alifariki mwaka 1962, hawezi tena kuandika kitu cha kukuaibisha, na hakuna Mswahili atakayethubutu kusema hampendi. Ila angalia namna unavyosema. Usikiri hata siku moja kwamba unaisoma Kusadikika kwa mara ya kwanza. Watu wa heshima huirudia. Nimekaa na wasomi wengi na sijapata kukutana na aliyeisoma mara ya kwanza. Wote wamo kwenye kurudia, sijui walianzaje.

Bahati mbaya, kila karamu ina mwalimu mstaafu mmoja, na pengine katokea Tanga. Mpe shikamoo mapema, maana ndiye atakayekuhoji. Kwa ajili yake beba akiba hii: kitabu kilitoka mwaka 1951, nchi yenyewe inaelea angani, mshtakiwa ni Karama, kosa lake ni kutaka kufundisha watu sheria, anayemshtaki ni waziri, jina lake Majivuno. Ukiweza, ongeza kwamba Karama anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe waliotumwa kutafuta mema ya nchi nyingine na waliporudi wakalipwa kifungo. Hapo nyamaza, tazama dari, sema kwamba kitabu hiki ni cha siku zote. Usiitaje serikali yoyote. Kila aliyepo atajaza yake mwenyewe, na mmoja wao ni binamu wa mkuu wa wilaya.

Abdulrazak Gurnah anahitaji uangalifu zaidi. Asubuhi ya tarehe 7 Oktoba 2021 wasomaji wake katika mji huu ungewakalisha kwenye kochi moja. Mchana ikatangazwa kwamba kapewa Nobeli, na jioni kila mtu alikuwa kamsoma siku nyingi. Wachache waaminifu walijitetea kwamba wanangoja Kiswahili, maana mzaliwa wa Unguja kuandika Kiingereza miaka yote hiyo si jambo la kuchangamkia. Utetezi huo ulidumu hadi mwaka 2022, Ida Hadjivayanis alipoifasiri Paradise, Mkuki na Nyota wakaichapa kwa jina la Peponi. Sasa watu walewale husema wanaona bora waanze na Kiingereza, wasikose ladha ya asili. Ukitaka kuwaudhi, kisome kweli. Yusuf ana miaka 12, baba yake ana deni kwa tajiri Aziz, na mtoto anapandishwa treni akidhani anakwenda kutembea kwa mjomba. Mtu aliyefika hapo haongei tena kuhusu tuzo.

Kezilahabi ni wa waliobobea. Rosa Mistika kitaje tu ukiwa tayari kwa dakika kumi za mzee mmoja kueleza jinsi kilivyopigwa marufuku shuleni na yeye akakisoma chini ya shuka. (Kina marafiki wengi waliokisoma chini ya shuka. Baadaye kikawekwa kwenye mitaala, na mapenzi yakapungua.) Ukitaka kumaliza mjadala kabisa, sema uko kwenye Nagona. Kurasa zake hazifiki mia, lakini hakuna atakayekuuliza swali la pili, kwa sababu anayekuuliza huenda akatakiwa naye aeleze alichoelewa.

Kuna jibu moja ambalo haliwezi kushindwa, nalo ni kutaja Msahafu au Biblia. Usilitumie ovyo. Linafunga mazungumzo, ni kweli, lakini kuna siku litamwangukia mtu anayekijua kitabu chake, naye atakuuliza kwa upole umefika sura gani.

Sasa kuhusu wenye mali, au wanaokaribia kuwa nayo. Wakiulizwa, jibu lao halibadiliki: Rich Dad Poor Dad cha Robert Kiyosaki, cha mwaka 1997, au babu yake Napoleon Hill wa mwaka 1937. Vimetandazwa kwenye turubai pembeni mwa njia kule Posta, wino umepauka, kurasa nyingine zimechapwa kichwa chini. Huyu usimbishie. Atakueleza kwamba nyumba unayoishi ni mzigo na wala si mali, akieleza huku anakungoja umpe lifti hadi Tabata. Mwenzake anayesoma The Richest Man in Babylon atakupa fundisho kuu la kitabu, kwamba sehemu moja ya kumi ya kila unachopata uitunze. Ukifika mwisho wa fundisho, jiandae. Ndipo anapoomba umkopeshe elfu ishirini mpaka mwisho wa mwezi.

Wapo pia waliosoma mara moja maishani, chini ya ulinzi wa mwalimu, kwa ajili ya kidato cha nne. Hawa ni ndugu zetu na tuwapende. Taja Takadini, Ngoswe, Orodha au Watoto wa Mama Ntilie na macho yao yatawaka. Lakini usitegemee kusikia kwamba Ngoswe alikwenda kuhesabu watu akaishia kumpenda Mazoea, na karatasi zote za sensa zikachomwa moto na baba wa binti. Hiyo ni hadithi, wao walisomea mtihani. Utapewa dhamira, ujumbe, falsafa, muundo, mtindo, na wahusika bapa na duara. Wengine hawakukishika kitabu chenyewe. Walikishika cha uchambuzi chenye jina la Nyambari Nyangwine, wakafaulu vizuri tu, na leo ni mameneja.

Ukiwa na Mkenya, mambo ni tofauti kidogo. Mwulize kuhusu Siku Njema ya Ken Walibora, ya mwaka 1996, kisha vuta kiti. Atakusindikiza na Kongowea Mswahili kutoka Tanga hadi Kitale kumtafuta baba, kituo kwa kituo, na sauti itamkatika njiani. Vitabu vya mtihani vimeua mapenzi mengi upande wetu na wao. Hiki kilipona, na kila Mkenya ninayekutana naye ana sababu yake ya kukipenda ambayo haimo kwenye mwongozo wowote wa mwalimu.

Tahadhari ya ghafla: tangu Amil Shivji aitoe filamu ya Vuta n'Kuvute mwaka 2021, wasomaji wa riwaya ya Shafi Adam Shafi wameongezeka mno. Ukitaka kuwatenganisha, waulize kuhusu Yasmin alipokuwa bado anaishi na Raza mwenye duka. Aliyekisoma atacheka. Mwingine atasifu picha zilivyopigwa.

Halafu yupo mtu wa PDF. Hujakamilisha jina la kitabu, anakukatiza: nitumie. Haulizi kinahusu nini. Simu yake ina vitabu mia nne, kutoka tiba ya mitishamba hadi historia ya Misri, na hajafungua hata kimoja kwa sababu simu imejaa haina nafasi ya kukifungulia. Ukimwambia kitabu kinauzwa, na mwandishi yu hai, anakula, anasomesha watoto, atakutazama kama umemtukania mama. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu mwaka 1999. Waulize waandishi imewapa nini. Kwa usalama wako, ukiulizwa na mtu huyu, jibu kwamba unasoma gazeti.

Yote haya ni juu ya vitabu vinavyotajwa. Vinavyosomwa ni habari nyingine, na huko ndiko mgeni anakoumia zaidi, kwa sababu huko ndiko kwenye raha.

Waulize faraghani, mmoja mmoja, wale wale wa mezani. Yule wa Kusadikika ana sanduku la Elvis Musiba uvunguni, na anaweza kukuambia Willy Gamba alikunywa nini hotelini kabla ya kumkamata adui. Mwenyekiti alijifunza kusoma haraka kwa Ben Mtobwa, akimfukuza Joram Kiango usiku kwa taa ya kibatari, na bado anaamini Nuru alistahili mwanamume bora zaidi. Hata mwalimu wa Tanga, ukimkuta peke yake, atamtetea Bwana Msa na kiko chake kwa ukali ambao hakuutumia kumtetea Karama. Lakini mbele za watu, kimya. Vyuo vyetu vilizigawa riwaya makundi mawili, dhati na pendwa, na tangu hapo watu wazima wanaona haya kukamatwa na za kundi la pili, kana kwamba mtu akifurahi anaposoma basi kuna kitu amekiiba. Mimi naona uhakiki wetu unadaiwa maelezo hapo. Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya Bwana Msa ya mwaka 1960, imewafundisha watu kufungua ukurasa unaofuata zaidi ya semina zote nilizowahi kualikwa.

Siku hizi raha hiyo imehamia kwenye simu. Mlinzi wa getini usiku wa manane, muuguzi wa zamu, dada anayesukwa nywele saa sita mfululizo: usidhani wanatazama picha tu. Wapo kwenye simulizi, sehemu ya tisa. Binti amesikia hatua nje ya mlango, kitasa kinazunguka, na mwandishi anaandika hapohapo kwamba sehemu ya kumi ni kwa watakaotuma elfu moja. Wanatuma. Watu ambao kila mkutano wa uchapishaji huwaombolezea kwamba hawanunui vitabu, wananunua hadithi kipande kwa kipande, saa nane za usiku, kwa fedha ya nauli. Kesho yake ukiwauliza wanasoma nini, watakujibu: mimi? Sina hata muda.

Kwa hiyo msomaji wa kweli humtambui kwa jibu lake. Mtambue kwa umbea. Haanzi na jina la mwandishi, wala mwaka, wala dhamira. Anaanza katikati: "Bwana we, yule mwanamke si kaenda kufungua mlango! Na kaambiwa!" Utababaika, utauliza ni mwanamke gani, wa mtaa gani. Hapo utakuwa umeshaingia. Weka kikombe chini usije ukamwagikiwa.

Atatoa kitabu mkobani. Kitakuwa kimevalishwa gazeti, si kwa kukitunza, ni ili pale kazini wasijue. Jalada la nyuma halipo, na kurasa za mwanzo zimeanza kuachia. Usikiombe. Ukikiomba atakupa, na hujui unachojiingiza. Kitabu hicho si chake peke yake, kina foleni: wifi yake wa Mbagala, fundi cherehani, na kijana wa duka la dawa ambaye ameshaulizia mara mbili. Unapewa hadi Jumamosi. Ukipitisha Jumamosi hatapiga simu. Atakuja mwenyewe saa mbili usiku, atagonga, na kabla hujamkaribisha ndani atakusimulia nani aliyeua, kwa sababu gani na kwa silaha ipi, hapohapo kizingitini, ili usiwe tena na sababu ya kukikalia.