Alama za Kijana wa Steshenari

Nshomile, jina la utani la Wahaya kwa kupenda shule, sasa lihamie kwa kijana wa steshenari anayewachapia wanafunzi kazi zao na kuzitia jalada. Kazi ya kompyuta ya mwanafunzi wa Bukoba au Muleba humfikia mwalimu ikiwa na jalada la plastiki, spairo nyeusi na jina la shule kwa herufi za maua. Ndani, kurasa hazina namba, mstari wa mwisho wa jedwali umeangukia ukurasa wa pili peke yake kama yatima, na kwenye flashi faili linaitwa “mpya”, jirani yake “mpya2”, kisha “mpya ya mwisho kabisa”. Alama za unadhifu hapo apewe nani?

Utaambiwa kompyuta ni chache na umeme ni wa kuvizia. Hoja ina uzito, ila haigusi mpangilio: namba za kurasa, yaliyomo, tarehe na jina la faili huweza kupangwa kwa penseli daftarini. Mama anayepanga mikungu ya ndizi sokoni kwa ukubwa hajawahi kungoja umeme. Wengine hudai walimu nao hutazama jalada tu. Basi wasahihishe spairo, na cheti kiandikwe jina la duka.