Mhadhara wa Heshima: Mzee Aliyetupenda Sote

Mheshimiwa mwenyekiti, wageni waalikwa, na ninyi mliojipenyeza kwa ajili ya soda. Mimi ni Profesa Mkuu wa Elimu ya Usikivu, cheo nilichojitunuku baada ya kukosekana mwingine anayestahili. Mada ni Erich Mielke. Naomba msikohoe.

Huyu bwana, mzaliwa wa Berlin, aliiongoza Stasi, idara ya usalama ya Ujerumani Mashariki, kuanzia 1957 hadi 1989. Wenye elimu haba humwita mdukuzi. Mimi namwita msikivu. Waziri gani wa leo anawasikiliza wananchi hata wakiwa chumbani? Mwishoni alikuwa na waajiriwa wapatao 91,000, mbali na watoa habari wa siri zaidi ya laki moja na nusu: jirani, mchungaji, hata mume wa mtu. Katika nchi ya watu milioni 16, nani angelalamikia upweke?

Hata jasho la raia alilithamini. Ukiitwa kuhojiwa, ulikalishwa juu ya kitambaa. Ukishaondoka, kitambaa kilitiwa kwenye chupa ya kioo, kikafunikwa kisipitishe hewa, chupa ikaandikwa ni ya nani. Siku vipeperushi vikiokotwa mtaani, mbwa ananusishwa. Mama yako mzazi, pamoja na mapenzi yake yote, hana chupa yako.

Kwenye soka ndiyo usiseme. Klabu aliyoilea, BFC Dynamo, ilitwaa ubingwa mara 10 mfululizo, 1979 hadi 1988. Wenye wivu hutaja waamuzi. Mimi nataja mazoezi.

Tarehe 13 Novemba 1989, siku nne baada ya Ukuta wa Berlin kufunguka, alisimama bungeni akawaita wabunge makomredi. Mmoja akapinga: si wote humu ni wa chama chako. Mzee akababaika, akajitetea kwamba yeye anawapenda watu wote. Bunge zima likaangua kicheko. Utovu wa nidhamu!

Mwaka 1993 mahakama ikamhukumu kifungo cha miaka sita. Si kwa chupa, wala kwa mafaili ya kilomita zaidi ya 100, bali kwa kuwaua polisi wawili mwaka 1931. Majalada ya kesi hiyo yalikutwa kwenye sefu yake mwenyewe. Huo ndio utunzaji wa kumbukumbu!

Maswali yaandikwe kwenye karatasi, pamoja na jina kamili na namba ya nyumba. Mkitoka, vitambaa vya viti msiviguse.