Namna ya Kumkamata Mwizi Anayeishi Ndani ya Pawaso

Asubuhi ya baridi hapa Bahati, Nakuru, ukungu ukiwa bado umeulalia msitu, pawaso, yaani misumeno ya injini, huamka pamoja na majogoo. Moja inapasua mbao za saiprasi, nyingine inaangusha bulugamu mpakani mwa shamba. Na mahali fulani kati ya hizo mbili kuna mtu aliyeinama, suruali imelowa petroli pajani, anaigeuzageuza mashine yake na kuuliza: "Haya mafuta yanatokea wapi?"

Mwongozo huu ni wake. Vifaa vyake ni kitambaa kikavu, brashi kuukuu ya meno, kipande cha katoni safi na subira. Wengi wetu tunavyo vyote isipokuwa hicho cha mwisho, na ndicho kinachomkamata mwizi.

Hatua ya kwanza: tawanya baraza

Pawaso ikivuja, baraza la washauri hukutana bila kuitwa. Wa kwanza anakuja na sigara mdomoni. Wa pili ameshika kipande cha sabuni ya kufulia. Wa tatu ana supa gluu. Wa nne hana kitu, ila ana neno: "Mzee, hebu iwashe tuone."

Mwenye sigara ndiye wa kuondoka kwanza, hata kama ni shemeji yako. Petroli hutoa mvuke hata katika baridi yetu ya Julai, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Hautapaa juu upotee. Utatambaa chini kama paka, uingie jikoni kwa mama anapokoleza makaa, kisha moto urudi kwa njia ileile hadi miguuni pako. Kwa hiyo kazi hii ifanyie nje, penye upepo, mbali na jiko.

Yule wa "iwashe tuone" naye umnyime nafasi. Ekzosi ya pawaso iko kiganja kimoja tu kutoka kwenye tangi, na plagi hutoa cheche. Inayovuja haiwashwi. Sisi wa Nakuru hatuhitaji kufundishwa hili na mgeni. Tarehe 31 Januari 2009, lori la mafuta lilipinduka Sachang'wan, kwenye barabara ya kwenda Eldoret. Watu wakakimbilia kuchota petroli, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakafa. Miaka 2 baadaye, Septemba 2011, petroli iliyovuja kutoka kwenye bomba iliwateketeza wengine katika mtaa wa Sinai, Nairobi. Tone lililo pajani pako ni la ukoo huohuo. Liheshimu.

Hatua ya pili: usimshtaki asiye na hatia

Pawaso ina matangi mawili: moja la petroli iliyochanganywa na oili, jingine la oili ya kulainisha mnyororo. Ukiikuta asubuhi imekalia dimbwi dogo, usikimbilie kulilaumu tangi la petroli. Gusa kwa kidole. Oili ya mnyororo huvutika kama utomvu na haikauki. Petroli ni nyepesi, hupoza kidole, hukauka upesi, na huacha doa la mafuta lenye harufu usiyoweza kuikosea.

Oili kidogo ya mnyororo kudondoka baada ya kazi ni kawaida. Ile iliyobaki kwenye upanga unaobeba mnyororo na chini ya kifuniko cha pembeni hujichuruzikia yenyewe. Ifute, kisha uendelee na maisha. Petroli ndiyo haina tone la kawaida. Tone moja tu ni kesi.

Hatua ya tatu: mwogeshe mshukiwa

Pawaso chafu haisemi ukweli. Unga wa mbao hufyonza petroli kama sifongo na kuisambaza, hata ukadhani mwili mzima unavuja. Mwaga mafuta yote kwenye mtungi salama. Vua kifuniko cha juu na filta ya hewa. Piga brashi kila kona, futa, na uiache ikauke kabisa.

Sasa jaza tangi hadi nusu, ikalishe juu ya katoni, uondoke. Kanywe chai. Baada ya robo saa rudi usome katoni. Kisha ilaze ubavu wa kulia, robo saa nyingine. Ubavu wa kushoto. Iinamishe pua chini. Kila mara chora mduara kwa kalamu kuzunguka doa, na uandike pawaso ilikuwa imelala vipi. Mwizi wa mafuta hujificha akiona bisibisi. Ukimpa utulivu na karatasi, hutia sahihi mwenyewe.

Hatua ya nne: msomee mashtaka

Ikivuja kwa kulazwa upande wa mfuniko, mkamate mfuniko. Ndani yake kuna oringi, duara la mpira lisilozidi ukubwa wa bangili ya mtoto. Chembe ya unga wa mbao ikikaa juu yake, petroli imepata mlango. Fikiria pawaso inavyosafiri: imefungwa kwa mpira nyuma ya bodaboda, imelala kifudifudi, kutoka Maili Kumi hadi Dundori, ikionja kila shimo la barabara. Safisha oringi na mdomo wa tangi. Ikiwa imepasuka au imekuwa bapa, nunua nyingine. Usiukaze mfuniko kwa koleo. Utavunja kilichokuwa kizima.

Ikivuja pale mpira wa mafuta unapotokea kwenye tangi, uzee umefika. Februari 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma, na katazo likadumu hadi Julai 2023, Rais William Ruto alipotangaza akiwa Molo kwamba limeondolewa. Katika miaka hiyo nilimwona jirani akiiweka pawaso yake stoo na petroli ndani. Alipoitoa, mpira uliokuwa laini kama sikio la mbuzi ulikatika kama spageti mbichi. Petroli iliyolala huacha gundi, na mpira uliokaushwa hupasuka. Badilisha mpira wote, pamoja na ule mdogo unaoziba tundu lake la tangi. Chukua mpira uliotengenezewa petroli, kwa sababu wa maji utavimba na kulegea kabla ya mwezi kuandama.

Ikivuja kwenye kipumulio cha tangi, elewa kazi yake kwanza. Tangi hunyonya hewa kadiri mafuta yanavyopungua. Kipumulio kikiziba, injini hukosa mafuta na kuzimika. Kikibaki wazi, petroli hutoka kila unapoilaza mashine. Huku kwetu mlima nao huchangia. Mtungi ulioujaza Nakuru mjini, kama mita 1,850 juu ya bahari, huvimba ukipanda nao kuelekea msituni, kwa kuwa hewa ya nje inakuwa nyepesi huku mvuke wa ndani ukisukuma. Tangi la pawaso iliyopata joto la kazi hufanya vivyo hivyo. Ukilifungua ghafla, petroli itakurukia usoni. Ngoja ipoe, kisha legeza mfuniko polepole.

Filta ya hewa ikilowa petroli, nenda kwenye kabureta. Humo mna sindano ndogo inayofungua na kufunga njia ya mafuta kwa kuongozwa na utando mwembamba. Uchafu mdogo kuliko punje ya wimbi huiacha wazi, na mafuta hufurika. Safisha, badilisha utando uliokakamaa, na kama mkono wako hutetemeka, mpelekee fundi anayezifungua kila siku. Kumlipa si aibu.

Hatua ya tano: irudishe sabuni bafuni

Sasa mwite tena yule wa sabuni, kwa maana anastahili jibu. Sabuni haiyeyuki katika petroli, ndiyo maana imewafikisha nyumbani madereva wengi wenye tangi lililotoboka. Ila tangi la pawaso hutikisika siku nzima, hupata joto, na liko kando ya ekzosi. Sabuni itakatika ukiwa juu ya mteremko, shina likiwa limeshaanza kulia. Supa gluu nayo hukauka ikawa ngumu, halafu mtikisiko huivunja. Tangi lenye ufa hubadilishwa. Ni gharama, najua. Lakini unayeishika mashine hiyo kifuani una watoto wanaokungoja.

Hatua ya mwisho: lala, kisha soma

Ukishafunga kila kitu, jaza mchanganyiko mpya. Kwa mashine inayotaka moja kwa hamsini, ni mililita 100 za oili kwa lita 5 za petroli. Pima, usikisie kwa kifuniko cha soda. Iweke juu ya katoni mpya, katika stoo isiyolaliwa na mtu wala kuku, mbali na moto.

Alfajiri, kabla ya chai, kabla hujaulizwa na yeyote, nenda uiinue. Katoni ikiwa na doa, rudi hatua ya tatu bila hasira; sasa unajua mengi kuliko jana. Ikiwa kavu, ipitishe mikononi mwa baraza lote, hata yule wa sigara, kila mmoja aishike na kuinusa. Kisha panda msituni.