Mzoa Taka Asiyedai Mshahara

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, muuza maji hajapita bado na toroli lake, kunguru wa kwanza anatua juu ya bati letu. Hatui taratibu kama njiwa. Anatua kwa kishindo, kisha anatembea, kucha zikikwaruza bati toka mwanzo hadi mwisho, kama mwenye nyumba aliyekuja kukagua nyufa. Saa kumi na mbili na robo natoka uani kuoga, sabuni haipo. Kilikuwa kipande kilichobaki nusu, juu ya ukuta wa bafu. Pembeni yake palikuwa na sabuni nzima, bado imo kwenye karatasi yake. Hiyo hakuigusa. Alichukua changu kilicholainika, chenye alama za vidole vyangu, akaenda kukila juu ya mwarobaini wa jirani huku nikimwona, amekibana kwa mguu mmoja kama mtu anayekula muhogo.

Mwizi anayekuachia kilicho kipya si wa kulaumiwa haraka. Nimefikiri, nikaona tumemsema vibaya ndege huyu miaka mingi mno na hakuna hata mmoja aliyesimama kumsifu. Basi ngoja nisimame mimi.

Ninayemsema ni yule wa shingo ya kijivu. Kunguru wa kwetu, mwenye kifua cheupe kama kanzu ya Ijumaa chini ya koti jeusi, ni mtu wa heshima zake na hana haja ya wakili; siku hizi tena ni nadra kumwona mjini, maana huyu wa kijivu humfukuza kwa makundi hadi ahame mtaa. Sisi wa Dar es Salaam tunamwita kunguru wa Zanzibar. Ukivuka bahari, Wazanzibari wanakwambia huyo ni kunguru wa India. Mombasa wanamwita kurabu na wanamlaani kwa jina hilohilo. Kila mtu anamrudisha kwa jirani, kama sahani iliyovunjika baada ya shughuli.

Wenye elimu walimpa jina bora zaidi. Mwaka 1817 Mfaransa Vieillot alimwandika Corvus splendens, kunguru mng'aavu. Ukidhani Mfaransa huyo alikuwa na mzaha, msubiri kunguru saa tatu asubuhi, ametua kwenye kuti la mnazi, jua linampiga mgongoni. Weusi wake unageuka zambarau, halafu kijani, kama oili iliyomwagika kwenye dimbwi gereji. Tausi anapewa sifa kwa rangi hizohizo, na tausi hajawahi kuondoa hata utumbo mmoja wa samaki barabarani.

Nasaba yake ni safi. Hakuja kwa magendo wala hakujificha chini ya shehena. Aliitwa. Miaka ya 1890 mji wa Unguja ulikuwa umezidiwa na taka, na wakubwa wa Kiingereza waliokuwa wameshaushika usultani wakatafuta dawa. Kulikuwa na njia ya kuajiri watu, kununua mikokoteni na kuchimba mashimo. Kulikuwa na njia nyingine, ya bei nafuu: kuagiza ndege kutoka India ambaye kazi yake tangu azaliwe ni kula kilichotupwa. Anayetajwa sana katika agizo hilo ni Sir Gerald Portal, mwakilishi wa Uingereza kisiwani. Mtumishi akafika, akakabidhiwa mji, akaanza kazi siku hiyohiyo. Portal alifariki London Januari 1894, hajatimiza miaka 36, na kama kulikuwa na kipengele cha mwisho wa mkataba, alikwenda nacho.

Kiswahili kina neno mkunguru, homa inayompata mgeni kabla mwili haujazoea maji na hewa ya mahali. Wazungu walipatwa na mkunguru, wanajeshi wao wakapatwa, mabaharia wakapatwa. Kunguru, aliyefanana jina na homa hiyo, hakuumwa hata siku moja. Alizaa. Mayai matatu, manne, matano, ya rangi ya bahari ya saa nne asubuhi yenye madoa ya kahawia, ndani ya tago alilolisuka mwenyewe. Kijiti kikikosekana hutumia waya, na waya ukikosekana huchukua hanga kwenye kamba yako ya nguo. Ilipofika 1917, Unguja palepale alipoalikwa, alikwisha kuhesabiwa msumbufu na kichwa chake kimewekewa bei. Miaka isiyozidi 27 toka mwaliko hadi dau! Naomba mtu anitajie idara nyingine ya usafi iliyozidisha utendaji kiasi cha mwajiri kulipa watu ili ipunguzwe.

Hakuvunjika moyo. Mwaka 1947 akaonekana Mombasa. Bara akaingia, akashika pwani yote, na hapo hapo ukaonekana ubora wake mwingine ambao hatumpi haki yake: anasafiri melini bila pasipoti wala mizigo, anakula mabaki ya jikoni, anateremka bandari yoyote yenye uchafu wa kutosha. Mwaka 1994 wawili walitokea Hoek van Holland, huko kwa Wadachi, kwenye baridi. Wakajenga, wakazaana. Wadachi walipoamua kuwaua kabla hawajawa wengi, watetezi wa wanyama wakapinga na shauri likafika mahakamani. Hapa kwetu tangu Portal afe hajawahi kupata hata wakili wa serikali.

Sasa mashtaka, maana yapo, na wakili anayeyaficha hujiaibisha. Linaloongoza ni mayai na makinda. Kunguru huingia kwenye viota vya mnana vinavyoning'inia, vya chozi, vya tetere, akavimaliza kimoja baada ya kingine kwa utaratibu wa mtu anayekusanya kodi. Bustani za Unguja zilizokuwa na kelele za ndege wadogo zikabaki na sauti moja tu, nayo ni yake. Namtetea hivi: mkataba haukusema taka ni nini. Alipewa mji ausafishe, naye akausafisha. Kama hamkutaka chozi aondolewe, mngeandika.

La pili ni vifaranga. Hapo nina ushahidi wa nyumbani, kwa bahati mbaya wa upande wa mashtaka. Bibi yangu alikuwa anafuga kuku uani, na kila mtetea alipototoa, kazi ya kwanza ilikuwa rangi. Alikuwa na ukili wake wa kusukia mikeka, na rangi ya zambarau ya kuchovyea ukili huo. Rangi hiyo alikuwa akiikoroga kwenye kopo la maziwa, kisha anashika kifaranga kimoja kimoja kwa mkono wa kushoto, kichwa kinatokeza kati ya vidole, anakipaka mgongoni kwa kitambaa kilichofungwa kwenye kijiti. Vifaranga kumi na viwili vya zambarau vikimfuata mama yao wa kahawia! Watoto tulikuwa tukicheka. "Cheka tu, mjukuu wangu," alisema, "kunguru akiona rangi hii hatajua kama ni kuku au ni ua." Siku tatu kunguru walikaa juu ya mnazi wakiinamisha shingo upande huu na upande huu, wanashauriana. Siku ya nne alishuka mmoja, akachukua kimoja, akakaa nacho juu ya paa muda mrefu bila kukila. Nadhani alikuwa anasubiri kuona kama kitamdhuru. Siku ya tano walichukua vinne. Bibi akarudi kwenye tenga, akavifunika, akaweka jiwe juu. Hiyo ndiyo akili ninayoisifu: alikuwa na shaka, akafanya majaribio, akapata jibu. Wapo waliosomeshwa kwa fedha za umma wasiofika hapo.

Na ana nafasi katika vitabu. Qabil alipomuua nduguye na asijue la kufanya na maiti, aliyetumwa kumwonyesha jinsi ya kufukua ardhi alikuwa kunguru. Mwalimu wa kwanza wa mazishi, basi. Eliya alipojificha penye kijito, waliomletea mkate na nyama asubuhi na jioni walikuwa kunguru, na Biblia haisemi mkate ule ulitoka dirisha la nani. Najua sheikh wangu atanikumbusha kwamba kunguru yumo pia katika wale watano ambao hata aliyehirimia anaruhusiwa kuwaua, pamoja na mwewe, nge, panya na mbwa mkali. Nimekumbuka, sheikh. Sisemi ni walii. Nasema ana kazi.

Wahenga wetu nao hawakumtendea haki. Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, walisema, na hiyo tuikubali, ingawa mtu akimwona kunguru akimvuta paka mkia ili mwenzake achukue samaki, atajiuliza mwoga ni nani. Lakini ile nyingine, kunguru hafugiki, inataka kutazamwa upya. Wataalamu wa ndege wanasema jambo moja juu ya huyu wa kijivu ambalo ningelibandika kila soko: hajulikani kuwa na kundi lolote duniani linaloishi mbali na watu. Hayuko porini. Hana msitu wake anaoulilia. Ukiwaondoa watu kwenye kisiwa, kunguru naye kwisha. Anakaa Soko la Samaki la Feri, anakaa machinjioni Vingunguti, anakaa dampo la Pugu Kinyamwezi, anakaa Muscat, anakaa nyuma ya kila hoteli ya ufukweni ambako mabaki ya bufee hutupwa saa tano usiku. Hafugiki kwa sababu ndiye mfugaji. Tunaamka asubuhi tunamwagia chakula, jioni tunamwagia tena, na wala hatukumbuki kumhesabu.

Wanaomhesabu wanahesabu ili wamwue. Mwaka 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya, KWS, lilitangaza mpango wa kuwaondoa kunguru milioni 1 kabla mwaka haujaisha. Wenye mahoteli wa Watamu na Malindi walikuwa wamelalamika muda mrefu: mgeni analipa dola, anaagiza kamba wa kuchoma, kunguru anawahi. Sumu inayotumika inaitwa Starlicide, na namna ya kuitega inanichekesha kila ninapoifikiria. Kwanza wanamwekea vipande vidogo vya nyama ya ng'ombe, safi kabisa, visivyo na kitu. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Anazoea, anawaita jamaa zake. Ndipo siku moja nyama inakuja na dawa. Anakula, anaruka kwenda kulala na wenzake, na kwa muda wa nusu siku hivi anaanguka chini ya mti. Nimehudhuria hafla nyingi za kuagana na watumishi waliostaafu, zenye pilau na saa ya ukutani ya zawadi. Yake inafanana nazo zaidi ya tunavyopenda kukiri.

Dar es Salaam tumetumia pia mitego, vizimba vya mbao na wavu vyenye mlango juu, ndani amewekwa kunguru mmoja na maji na utumbo ili awavute wengine. Wanaingia kwa zamu. Wachache hawaingii, wanatua juu ya kizimba, wanatazama ndani, wanaondoka, na baada ya wiki kadhaa mtaa mzima wa kunguru unajua kile ni nini. Unguja miaka ya 1990 waliwaua maelfu kwa maelfu na idadi ikashuka kweli, ndege wadogo wakaanza kurudi. Halafu kampeni ikasimama. Fedha ziliisha, kunguru hawakuisha, wakapanda tena hadi pale pale. Mimi sipingi sumu. Chozi hana mtu mwingine wa kumtetea. Ila kumuua kunguru huku jalala liko wazi ni kuchota maji kwa pakacha, na kazi ya pakacha ina jambo moja zuri: kila mwaka inahitaji bajeti mpya.

Kwa hiyo, kama tunavyofanya kwa watumishi wote tunaotaka kuwaondoa, tumemfungulia faili. Amezaliwa hapa kizazi baada ya kizazi, zaidi ya miaka 130, na bado ni mgeni mvamizi. Aliitwa ale uchafu, akala, uchafu ukaongezeka, akaongezeka naye. Hajawahi kugoma. Sikukuu zote yuko kazini, na sikukuu ndiyo anafanya kazi maradufu. Fundi cherehani wa mtaani kwetu, mtu asiyependa maneno mengi, alinisikia nikisema haya barazani akainua kichwa toka kwenye cherehani. "Kwa hiyo kaka, unataka apewe nini? Cheti?"

Sikuwa na jibu. Juu ya paa la banda lake walikuwa wanne.

Nimenunua sabuni nyingine, nimeiweka ndani ya kopo lenye mfuniko. Asubuhi hii kunguru amekaa juu ya ukuta wa bafu, analitazama kopo kwa jicho moja, kisha kwa jingine. Amelisukuma kidogo kwa mdomo ili ajue uzito wake. Mimi niko dirishani namtazama yeye. Kiroba cha taka kiko getini tangu Jumatatu, gari la taka halijaja, na mwenzake ameshaanza kuifungua kamba.