Babu Anadai Mchango

Marehemu babu wa babu yangu hakuwahi kuvaa fulana maishani mwake, lakini kila Desemba nalipia fulana yenye jina lake mgongoni. Rangi hubadilishwa kila mwaka makusudi, ili ya mwaka jana isifae. Ndiyo sare ya umoja wa ukoo. Usipoivaa kwenye picha ya pamoja kule Kibosho, wajukuu watakuja kuuliza huyu wa shati la drafti alikuwa dereva wa nani.

Zamani tulikuwa tunakutana tu baada ya Krismasi, tunakunywa mbege, tunagombana, tunaagana. Sasa tuna katiba, mwenyekiti, katibu na mweka hazina, na kuna kijana msomi anashinikiza tujisajili kwa Msajili wa Jumuiya pale Wizara ya Mambo ya Ndani. Polisi nao wako chini ya wizara hiyohiyo, kwa hiyo sisi wenye malimbikizo ya ada tunaomba suala hilo lisubiri kwanza.

Ada yenyewe ni sawa kwa wote, na hapo ndipo ninapoumia. Kwa mila yetu kifungua mimba anapewa kihamba, yaani shamba la migomba, kitinda mimba anarithi nyumba ya baba, na sisi wa katikati tunaombewa heri. Nilipoombewa heri nikapanda basi kwenda Dar. Leo wenye migomba na sisi wenye heri tunachangia kiwango kimoja, halafu mimi ninaongeza nauli ya Desemba, ambayo kila Mchagga anaijua inavyopanda.

Lengo la umoja, kwa mujibu wa katiba, ni watoto wafahamiane wasije wakaoana. Sina ubishi. Lakini hawa watoto wamezaliwa Tabata na Kimara, na kwao kila mwanaume mwenye kitambi ni anko. Baba mkubwa ni anko, baba mdogo ni anko, na jirani aliyepita tu kuazima panga naye ni anko.

Halafu kuna kipindi cha historia, ambacho hukaa kwenye ratiba kabla ya chakula ili tusitoroke. Upande mmoja unasema babu alitoka Ukambani, mwingine Usambara, mwingine Taita. Huko kote kunatajwa kweli kwenye simulizi za koo za Kilimanjaro, kwa hiyo hakuna wa kumnyamazisha mwenzake. Wanachokubaliana ni kwamba alikuja na mkuki, akimfuata tembo. Mlima mzima huu sijasikia ukoo unaosema mwanzilishi wao alikimbia deni la mbuzi.

Tukishuka vizazi vichache, babu mwingine alikuwa mtu wa karibu wa Mangi Meli, yule ambaye Wajerumani walimnyonga Old Moshi mwezi Machi 1900. Nimehudhuria misiba ya koo nyingi na kila moja ina babu aliyekuwa karibu na Meli. Wangekuwa karibu kiasi hicho kweli, Wajerumani wangerudi Tanga kwa miguu.

Ushahidi, anasema mwenyekiti, uko kwa Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig aliyefika huku 1902 na kuandika kitabu kinene juu ya sheria za Wachagga, kilichotoka 1926. Kitabu ni cha Kijerumani. Hakuna kati yetu aliyekisoma, na ndiyo maana ushahidi wake haujawahi kupingwa.

Mwaka huu wakaleta mti wa ukoo. Bango la turubai, limechapwa Moshi mjini, Kibo imechorwa pembeni na theluji nyingi kuliko iliyobaki. Majina yote ya kiume. Bibi zetu wameandikwa "Mke wa 1", "Mke wa 2", kama vyumba vya gesti.

Sasa, ukoo wetu haujawahi kuhitaji bango. Ukitaka kujua nani ni nani, ngoja mbuzi achinjwe. Kila kiungo kina mwenyewe: hiki cha mzee fulani, kile cha mjomba, kile cha wanawake waliozaliwa boma hili. Mchinjaji akikosea, uzao wa watu watano unasomwa palepale kwa sauti ya juu. Na wanaoshika hesabu yote hiyo ni mashangazi.

Mmoja wao akatoka jikoni, mikono bado ina moshi, akasimama mbele ya bango, akasoma kimya. Kisha akamnyang'anya mtoto maka peni, akafuta "Mke wa 2" kwa mstari mmoja, akaanza kuandika.

"Shangazi, shikamoo, hilo bango ni la michango!" katibu akapiga kelele.

"Marahaba, baba. Na huyu mama yangu alichangia watoto watano, baba yako akiwemo."

Akaendelea na wake wengine, kwa majina yao na boma walikotoka. Nafasi ilipoisha, akahamia kwenye theluji ya Kibo. Mweka hazina akatoa kikokotoo.